Buloni ya Kigoma

Mu atelie ya Papa Lambert, fundi wa pikipiki, kule Kataki, juu kidogo ya reli, kulikuwa na mikebe miwili ya maziwa, na hakuna mutu alikuwa na ruhusa ya kuigusa. Mukebe wa kushoto njo wa buloni, bolti za reli, zile za milimita. Mukebe wa kuume njo wa buloni za Kigoma, zenye wachuuzi wa ziwa walikuwa wanaleta pamoja na sabuni na vitenge. Zile za Kigoma zinapimwa kwa inchi, maana watu wa ng'ambo ile walizoeshwa na Waingereza. Kwa macho zote zinafanana kama mapacha. Ukitia ya Kigoma mu tundu ya milimita, inaingia vizuri, inakuchekea, inazunguka kidogo, kisha inauma. Ukiilazimisha, inatafuna meno yote ya tundu na inakwama pale pale. Haiendi mbele, hairudi nyuma.

Papa Lambert hakuwa anatazama mikebe. Alikuwa analala chini ya pikipiki, ananyosha mukono nyuma, upande wa kushoto, anachukua. Alijifunza vile wakati alikuwa mufanyakazi wa reli, chini ya tumbo la mashini, mahali penye jua haliingii. Mukono ulikuwa unajua njia.

Isidore, yeye, alikuwa ndugu mudogo wa Angélique, bibi mwenye Papa Lambert alimuoa. Alikuwa ametoka ku Lubumbashi, ku chuo kikuu, wakati wanafunzi walifukuzwa na kila mutu akarudishwa kwao. Wengine walirudi kusoma. Isidore alibaki kusema tu "karibu nitarudi", na ile "karibu" ilishaota ndevu. Mu kartie, mu mutaa wote, walikuwa wanamuita Nusu-Enjenia, na yeye alikuwa anaitika. Njo yeye alipaka mbuzi ya jirani masizi mpaka jirani akaifukuza mbuzi yake mwenyewe kwa fimbo. Njo yeye alimuambia mukubwa wa korali kama Monsenyeri, askofu mwenyewe, anapita, na korali nzima ikasimama pa barabara, ikaimba kwa sauti nne mbele ya kamio, lori la samaki.

Basi ile asubuhi alibadilisha mikebe. Hakufanya kingine. Wa kushoto akauweka kuume, wa kuume akauweka kushoto. Alijua namna mambo itaenda: Papa Lambert ataanza kufunga buloni kwa vidole, kama siku zote, itamuuma, atatukana kwa Kitabwa, ataitupa ku ukuta, na kila mutu atacheka, mpaka Papa Lambert mwenyewe.

Lakini mutu wa kwanza kufika alikuwa Bwana Gérard, ao Citoyen Gérard vile wakati ule walikuwa wanasema, agronome, bwana shamba wa pamba. Pikipiki yake ilikuwa inalia kama vita. Alishuka na abakosi yake, ile koti ya wakubwa wa serikali, yote vumbi.

"Papa Lambert! Watoto wa barabarani wamenipigia saluti. Wamefikiri jeshi linaingia!"

"Ni eshapema, lile bomba la moshi, Citoyen. Buloni moja imeanguka. Kaa."

"Nikae wapi? Wakubwa wananingoja kule Nyunzu. Fanya mbio."

"Mbio inaharibu, Citoyen."

"Leo itengeneze, itaharibu kesho!"

Papa Lambert akacheka, akalala chini ya pikipiki. Akanyosha mukono kushoto. Isidore alikuwa amesimama ku mulango, anauma mudomo asicheke.

"Kle njo hii," Citoyen Gérard akasema, akamutia ile spana mu mukono. "Funga, funga."

Isidore aliona. Aliona kabisa kama kufunga kwa vidole kumerukwa, kama kle imepanda juu ya kichwa cha buloni mapema. Neno moja lilitosha: ngoja. Lakini mutu wa michezo akisema mapema, muchezo unakufa, na Isidore alikuwa anaupenda ule muchezo. Akangoja kidogo.

"Iko nzito," Papa Lambert akasema kule chini.

"Ni kutu! Kaza!"

Akakaza. Kukatoka sauti ndogo, kama mutu anavunja mufupa wa kuku. Kisha kle ikaruka, ikazunguka bila kushika kitu. Kichwa cha buloni kililika, kikawa muviringo.

Papa Lambert alitoka chini polepole. Akachukua kitambaa, akarudi, akapangusa kile kichwa, akakitazama. Kilikuwa na mistari mitatu. Buloni za reli zina namba kichwani. Mistari ni ya Kigoma.

"Umeniua!" Citoyen Gérard akaanza. "Motere ya Leta! Injini ya serikali! Nitasema nini Nyunzu? Mutu anasema Papa Lambert, Papa Lambert, kumbe Papa Lambert mwenyewe hajui kufunga buloni!"

Papa Lambert akaweka kitambaa chini. Alimusindikiza mupaka chini ku barabara, akamutafutia kamio ya kumubeba. Isidore akabaki peke yake mu atelie, pamoja na mikebe miwili. Na mikono yake ikafanya kazi kabla kichwa hakijaamua: wa kushoto ukarudi kushoto, wa kuume ukarudi kuume.

Papa Lambert aliporudi, akatandika gunia chini, akamwaga mukebe wa kushoto. Akageuza buloni moja moja. Zote namba. Akamwaga wa kuume. Zote mistari. Akazirudisha, akakaa pa kiti chake kidogo, akatazama mukono wake wa kushoto, akatazama wa kuume.

"Isidore."

"Shemeji."

"Nilinyosha upande gani?"

"Sikuona, shemeji."

Ule uongo njo ulikuwa mubaya kuliko mikebe. Ile ya mikebe ilikuwa muchezo. Huu haukuwa na kicheko ndani.

*

Isidore alifikiri kesho yake itapita. Haikupita. Watu walileta pikipiki na Papa Lambert akawarudisha. "Peleka kwa fundi mwingine, bwana. Miye niko napumzika." Alikuwa anakaa mbele ya nyumba, mikono imefichwa chini ya makwapa, kama mutu anasikia baridi. Akitaka kikombe, alikuwa anakitazama sana mbele ya kukishika.

Angélique alimukokota Isidore nyuma ya jikoni.

"Shemeji wako amekuambia kitu?"

"Kitu gani, yaya?" Isidore akamuuliza dada yake.

"Baba yake njo alianza vile. Kule Kirungu. Mukono unakwenda kwingine, mwenyewe hajui. Kwanza alitia chumvi mu chai. Kisha akavaa shati ya mutoto, akatembea nayo mupaka kanisani. Kisha siku moja akamuuliza bibi yake: weye mama ni nani?" Angélique akapangusa macho kwa mukono wenye unga. "Lambert anasema imemufikia. Anasema anataka kurudi Kirungu kabla hajaharibu vitu vya watu. Anasema kule mutu akikosea, anakosea ku jembe tu. Tunangoja mashua ya Moba, njo itatufikisha kule."

"Mashua ya Moba?"

"Nimeanza kufunga vyombo."

Isidore akatazama. Ni kweli, masufuria makubwa yalishaingia mu gunia.

Mutu angesema: basi kaseme, iishe. Ni rahisi kwa mutu mwenye watu wanamusadiki. Isidore alizunguka na lile neno siku nzima, alienda nalo ku bandari, alirudi nalo, alijaribu kulisema kwa mbuzi ya jirani, na mbuzi ikaondoka. Na haki yake.

Jioni walikuwa wanakula bukari, ule ugali, na ndakala, zile dagaa. Papa Lambert alikuwa anakata bukari polepole, anatazama vidole vyake kama vidole vya mugeni. Isidore akaweka tonge chini.

"Shemeji, ni miye. Nilibadilisha mikebe."

Angélique akashika mwiko.

"Ile asubuhi, mbele ya Citoyen Agronome kufika. Ya kushoto niliweka kuume. Kisha wakati ulitoka naye, nikairudisha. Mukono wako ulienda kushoto. Ulienda vizuri. Mukono wako hauna ugonjwa."

Angélique alimupiga mwiko pa bega, kwa nguvu, mpaka bukari ikaruka.

"Unachezea ugonjwa wa shemeji wako? Hata hii? Hata hii, Isidore?"

"Yaya, ni kweli!"

"Juzi ulisema ni kweli kama Monsenyeri anapita!"

Papa Lambert akainua mukono. Alikuwa anacheka kidogo, mara ya kwanza tangu ile siku, na Isidore angetaka asicheke.

"Muache, mama. Hanichezei. Ananiponya." Akamutazama Isidore na macho ya huruma. "Asante, ndugu yangu. Umekaa kule umetafuta uongo muzuri, kusudi nilale vizuri. Watu wanasema uko mutu wa michezo tu. Miye sasa naona uko na roho."

"Shemeji, sikutafuta kitu. Nilikuwa hapo ku mulango, niliona vile ulichukua..."

"Uliniambia hukuona."

"Nilisema uongo!"

"Na sasa unasema kweli." Papa Lambert akasukuma sahani ya ndakala upande wa Isidore. "Kula. Weye njo umekonda kuliko miye."

Akakula. Angefanya nini? Kila ndakala ilikuwa na miiba, hata zenye hazina miiba. Na toka ile jioni mambo yakawa mabaya zaidi, maana Angélique alisikia haya juu ya mwiko, akaanza kumuwekea kipande kikubwa, na Papa Lambert akaanza kumusifu kwa watu wenye walikuwa wanapita. "Huyu ndugu ya bibi yangu, munamuona vile? Ni mutu." Na watu walimutazama Isidore upya, na Isidore alikuwa anatafuta shimo.

*

Mbele ya mashua kufika, Papa Lambert akasema hawezi kuondoka na pikipiki ya mutu imekwama nyuma yake.

"Utafanya weye. Miye nitasema tu."

"Shemeji, miye nimesoma kuchora motere. Kufungua, bado."

"Utafungua."

Akakaa pa kiti kidogo, mikono makwapani. Isidore akapiga magoti mbele ya motere. Walitoa kwanza buloni ya pili ya eshapema, ile ya upande mwingine, yenye haikuwa na shida, kusudi bomba litoke. Ikabaki ile ya Kigoma, kichwa kimelika, inatazama Isidore kama jino bovu.

"Weka petroli ya taa. Tone tone. Kisha acha ikunywe."

Wakaiacha ikunywe. Kisha Angélique akaleta makaa ya mbabula, jiko lake la makaa, mu kijiko cha chuma, wakaishikisha karibu na tundu mpaka chuma kikapata joto.

"Sasa piga kichwa chake. Kidogo. Si kama unaua nyoka! Kidogo, kama unapiga hodi kwa mukwe wako."

Isidore akapiga hodi. Jasho lilikuwa linaingia mu macho. Kila wakati nyundo iligonga, alisikia ile sauti ya mufupa wa kuku.

"Chukua lima, ile tupa ya kukwaruza chuma. Kata kichwa pande mbili, kipate mahali pa kushikwa. Sasa shika na koleo. Usifungue. Kaza kwanza kidogo."

"Nikaze? Si njo kukaza ilituletea hii?"

"Kaza kidogo, ishituke. Kisha rudisha. Kaza, rudisha. Ikikataa, usishindane nayo, rudi nyuma."

Akakaza, akarudisha. Koleo likateleza, likamukwangua vidole. Akarudia. Papa Lambert alikuwa anasikiliza na kichwa kimeinama, na mabega yake yalikuwa yanafanya kazi peke yao, yanazunguka kidogo pamoja na koleo, lakini mikono haikutoka. Isidore aliona yale mabega. Ilimuuma kuliko vidole.

Kisha buloni ikalia, ikaanza kuja. Ikatoka yote. Mu meno yake kulikuwa kumejaa nyama nyeupe ya motere, vipande vidogo vinang'aa.

"Tundu imekufa," Isidore akasema.

"Haijakufa. Imekuwa kubwa. Leta taro."

Taro ni kile chuma cha kukata meno mapya. Papa Lambert alikuwa na moja kubwa, ya wakati wa reli. Isidore akakata, zungusha, rudisha, pangusa, mafuta, zungusha, na Papa Lambert anasema "simama" kila wakati alipotaka kwenda mbio. Jua lilipopanda, tundu ilikuwa na meno mapya, makubwa kidogo, na buloni nene ya reli ikaingia na kushika. Papa Lambert akatikisa kichwa.

"Umeona? Sasa hata nikienda, yaya yako ataacha mutu hapa Kataki."

"Shemeji, usiende."

"Nitaenda kabla sijamusahau jina."

Alisema vile bila kupandisha sauti, anamutazama Angélique mwenye alikuwa anafunga kamba ku gunia la sahani pale nje. Isidore akasikia kitu kimemukata. Maneno aliisha kuyasema yote. Maneno yake hayakuwa na bei. Kitu kimoja tu kilibaki, na kilikuwa kibaya.

Ilikuwa inabaki buloni ya pili, ile ya upande mwingine. Tundu yake ilikuwa nzima, ya milimita.

"Shemeji," Isidore akasema, "ule upande mukono wangu haufike. Bomba linanizuia. Niko nashikilia bomba, weye funga."

"Miye sifungi."

"Kwa vidole tu. Kle nitatia miye."

"Isidore..."

"Bomba linanianguka, shemeji!"

Papa Lambert akatoa mikono makwapani kama mutu anatoa vitu vya kuiba. Akalala chini. Akanyosha mukono, lakini si ku mukebe. Aliunyosha kwa Isidore, wazi, angojee kupewa. Akafunga macho. Hakutaka kuona vile mukono wake unafanya.

Isidore akatia vidole mu mukebe wa kuume. Akachukua buloni yenye mistari mitatu. Kama mukono hautasikia, tundu ya pili inakufa, Citoyen Gérard anawapeleka wote ku biro ya zone, kwa wakubwa wa serikali, na Papa Lambert anaenda Kirungu kweli kweli. Alijitayarisha kulia "simama". Safari hii hangengoja.

Akaiweka mu kiganja.

Papa Lambert akaitia mu tundu. Vidole vikazungusha. Ikaingia vizuri. Vikazungusha tena. Isidore akafungua kinywa.

Vidole vikasimama.

Vikarudi nyuma kidogo. Vikajaribu tena, polepole sana, kama mutu anaonja chumvi. Vikasimama pale pale. Kisha vikaanza kuitoa, na buloni ikaanguka chini.

"Hii ni ya Kigoma," Papa Lambert akasema, macho yamefungwa bado.

"Ndiyo, shemeji."

"Umekosea mukebe."

"Hapana, shemeji. Sikukosea. Na mukono wako haujakosea, hata ile siku."

Papa Lambert akafungua macho. Alikaa chini pale, mugongo ku gurudumu, akamutazama Isidore muda murefu. Akatazama buloni. Akatazama mikebe. Isidore aliona lile jambo linapanda mu uso wake, polepole, linapita pa mudomo, linapita pa mapua, linafika pa macho.

"Kumbe ulisema kweli."

"Ndiyo."

"Pa bukari. Ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo, shemeji."

"Ulisimama pale ku mulango. Uliniona nimechukua kle."

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza."

Isidore akainama kuokota ile buloni. Kule kunyamaza njo kulikuwa kosa lenyewe. Mikebe ingesamehewa hata na mutoto.

Papa Lambert akageuza mikono yake, akatazama viganja, akatazama mugongo wa mikono. Akatoa sauti moja fupi, na Isidore hakujua kama ni kicheko ao ni kilio, na hata Papa Lambert hakujua. Kisha akashika lile lima, akalitupa. Lilipita karibu na sikio la Isidore, likapiga bati.

"Toka!"

"Shemeji..."

"Nimemuzika baba yangu mara ya pili kwa sababu yako! Nimelala hapa usiku najiuliza nitaanza kusahau mutoto gani! Bibi yangu amefunga sahani! Toka mu atelie yangu, usirudi mupaka nikuite, na sijui kama nitakuita!"

Angélique akaja mbio, kamba mukononi. "Kuna nini? Lambert, kuna nini?"

"Fungua magunia, mama," Papa Lambert akasema. "Fungua tu."

Isidore akatoka. Akasimama pa jua, vidole vinatoka damu. Alifikiri atasikia uzito umeshuka, vile watu wanasema. Haukushuka wote. Kipande kilishuka, kingine kikakaa vizuri mahali pake, kama mugeni mwenye ameambiwa sasa ni nyumba yako. Kupitia mulango aliona Papa Lambert amelala tena chini ya pikipiki, ananyosha mukono nyuma bila kutazama, kushoto, na mukono unarudi na buloni.

"Na Citoyen Agronome akifika," Papa Lambert akaita toka chini, "utamueleza weye! Kwa kinywa chako!"

Hakuhitaji kungoja. Citoyen Gérard alikuwa anapanda kilima kwa miguu, abakosi begani, uso umekunjwa. Alipomuona Isidore anashuka kumukuta, uso ukakunjuka, akaanza kucheka mbele ya salamu.

"Ee, Nusu-Enjenia! Leo umeniletea uongo gani?"

"Citoyen," Isidore akasema, "usicheke kwanza."

Citoyen Gérard akacheka zaidi, akapiga paja. Isidore akangoja amalize, akaanza tena.